Pale Hapana Kitu

Alisimama mtu wa mipango miji, tai ya buluu,
akaonyesha kwa kalamu ya mwanga:
kati ya Barabara ya Selwood na reli ya zamani,
ekari nne na nusu. Kwenye ramani ni kijani;
tunaomba iwe njano.
Akatafuta neno, akalipata:
kwa sasa, alisema, pale hapana kitu.

Tulikuwa mia na kumi na sita ukumbini,
makoti mapajani, theluji ya viatu ikiyeyuka
na kutambaa chini ya viti kuelekea jukwaani.
Dakika tatu kila mtu. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu,
kana kwamba sisi ni magari.

Orysia Hnatiuk aliisahau karatasi yake kitini.
Akasema: mimi ndiye humwaga maji.
Mwenyekiti akainamisha sikio.
Akarudia: mimi ndiye humwaga maji.
Desemba, baridi ikishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri,
huvuta mpira kutoka bomba la shule
usiku, kwa kuwa mchana watoto hawana subira,
nikamwaga tabaka jembamba kama karatasi,
nikangoja ligande, nikamwaga jingine.
Barafu haitaki pupa. Haba na haba, usiku tisa.
Siku ya kumi wanakuja na viatu vyao vya vyuma.
Miaka ishirini na miwili hamkunilipa, na sikudai.
Leo nadai.

Nyekundu. Akaketi.

Ligaya Bumanglag, nesi wa zamu ya usiku,
alisema alifika nchi hii Januari,
na kwa wiki sita hakuzoeana na chochote ila mlio wa lifti,
mpaka alipoanguka chali juu ya barafu ile
na watu watatu asiowajua wakamwinua, wakicheka naye.
Wawili wao wamekaa pale, safu ya nne.
Wawili hao wakanyoosha mikono, kama darasani.

Tavish, wa miaka tisa, hakuhitaji dakika tatu.
Aliwauliza madiwani: nyinyi mnaishi wapi?
Karatasi zikapangwa upya mezani.

Tukaonyeshwa picha za maghorofa yajayo.
Katika picha zao daima ni Julai.
Miti imekomaa siku ya kwanza,
watu ni wembamba, hawana vivuli,
hakuna aliyebeba gunia la viazi.
Na bustani ipo, walituhakikishia:
juu ya paa, kwa wenye kadi.

Zamu yangu, nilisema nisilotaka kusema:
binti yangu ana miaka thelathini na mmoja
na analala kwenye kochi langu. Nyumba hapati.
Msinifundishe uhaba wa nyumba, nauruka kila asubuhi
nikienda kuchemsha kahawa.
Lakini ng'ambo ya reli kuna duka lililofungwa,
na mbele yake lami ekari saba, mistari ya maegesho
bado inasubiri magari.
Kwa nini pale hamkuona kwamba hapana kitu?

Saa tano na nusu usiku wakapiga kura:
shauri limeahirishwa hadi Machi.
Mtu akapiga makofi, akasita,
akamtazama jirani yake ajue kama tumeshinda.

Machi! Machi uwanja ni tope
na nyasi zilizolala kama nywele za mgonjwa.
Wakija na kamera zao Machi
watapata picha waliyoitaka.

Nje, pumzi zilitutangulia.
Orysia hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye bomba la shule,
akalipiga teke mara mbili, likakohoa.
Nilikuwa na viatu vya ofisini na glavu moja.
"Piga picha," nikamwambia, "piga kila usiku, uandike tarehe."
"Picha piga wewe," akasema. "Kwanza shika huku.
Nyanyua. Unaukanyaga mpira."

Nikanyanyua.